Maneno Yaliyokatwa ya Waziri Mkuu

Hapo zamani, zamani ya jana tu, huko Japani, alikuwako mtangazaji wa televisheni aitwaye Sawako. Mama yake mzazi aliishi katika kisiwa cha mbali, chenye wazee wengi na hospitali moja ndogo.

Siku moja Waziri Mkuu Kuramochi alisimama mbele ya kamati ya Bunge. Akasema: "Naambiwa hospitali ya kisiwani ifungwe, wazee wahame. Mimi nasema hapana!"

Kamera ilikuwa moja tu, ya kina Sawako. Lakini mhariri wake, Hatano, hakutaka kumwona Kuramochi hata kwa dawa.

"Kata," akaamuru. "Bakiza 'hospitali ya kisiwani ifungwe, wazee wahame.'"

"Lakini bosi, hakumaanisha hivyo."

"Kwani maneno si yake? Kata, au nimpe kazi mwingine."

Sawako akakata. Akaisoma habari ile kwa sauti yake mwenyewe. Hajatoka studio, simu ikalia.

"Mwanangu," mama yake akasema, "kumbe tunafukuzwa? Na moyo wangu huu mbovu, nitatibiwa wapi?"

Sawako akajibu: "Tulia, mama. Tutaona."

Nchi ikawaka. Isoda, katibu mkuu wa chama cha Kuramochi, alikuwa ameketi ubavuni mwake na alisikia kila neno. Wabunge wakamuuliza, akainamisha kichwa: "Sina la kusema." Kiti cha uwaziri mkuu alikuwa akikimezea mate siku nyingi.

Na Kuramochi mwenyewe? Washauri wakamsihi ajitokeze aeleze. Akafoka: "Sizungumzi na waandishi! Tangu lini nikazungumza nao?"

Kumbukumbu rasmi za Bunge, zenye maneno yake kamili, zilipotoka, watu walikuwa wameshahukumu. Kura ya kutokuwa na imani ikapigwa, Kuramochi akaanguka, Isoda akakikalia kiti. Haukupita muda, hospitali ya kisiwani ikafungwa kweli.

Mama akashikwa na moyo. Akavushwa bahari akiwa hoi. Alipona, ila daktari akamwambia asirudi tena kisiwani.

Hapo ukweli ulikuwa umeshajulikana, aibu imewafika. Wakaja wote wanne kitandani pake, wakapanga mstari waombe radhi kwa kuinama, kama ilivyo desturi ya Japani.

Hatano akasema, "Mimi niliamuru tu. Sikuigusa mashine."

Isoda akasema, "Mimi sikusema uongo hata neno moja."

Kuramochi akasema, "Mimi ndiye niliyewatetea!"

Sawako akasema, "Mama, niliogopa kufukuzwa kazi."

Mama akawatazama. "Mnataka kuniinamia pamoja, ili kosa ligawanyike liwe jepesi. Sitaki. Atangulie kuinama yule aliyenitoa nyumbani kwangu."

Wakatazamana. Sawako akahisi macho ya mama yametua kwake, asijue kama yanamlaumu au yanamhurumia.

Haya, nyie mnaonisikiliza, hukumu ni yenu: aliyeamuru, aliyekata, aliyenyamaza, au aliyekataa kujieleza? Je, nani alistahili kuinama kwanza?