Taulo la Mama Mkwe

Bafu la Bi Siwema lilikuwa likimpiga shoti kila alipofungua maji ya moto. Akaomba aletewe fundi umeme mwenye leseni.

"Nyaya hizo kazifunga shemeji yangu," mwenye nyumba, Mzee Kimweri, akafoka. "Wewe mwoga tu!"

"Haya, Mzee, yaishe."

Kesho yake akampigia simu. "Shikamoo Mzee. Mama mkwe wako ni mgeni wangu. Taulo lake nimeshalitundika bafuni."

"Asiguse bomba!"

Mzee akaja mbio na fundi mwenye leseni, shati kalivaa ndani nje. Kufikia adhuhuri nyaya zote zilikuwa mpya.

"Mkwe wangu yuko wapi, nimwamkie?"

"Yuko kwake Korogwe. Sasa ndiyo naweza kumwalika."