Shikamoo za Tajiri Kilumanga

Mashindano ya baiskeli pale Kwemkole yalikuwa na makundi mawili: vijana, na wazee waliotimiza miaka sitini. Tajiri Kilumanga alitaka mchumba wake amwone akikabidhiwa beberu wa ushindi. Vijana aliwaogopa, basi akajipenyeza kwa wazee na baiskeli yake nyepesi kama unyoya.

"Nina miaka sitini na miwili," alisema. "Nani anabisha?"

Wazee walinuna kimyakimya, maana beberu mwenyewe alitoka zizini kwake. Shebuge, mjanja wao, akacheka.

"Kumbe! Mimi nina sitini tu. Shikamoo, kaka!"

"Marahaba!" Kilumanga akaitikia, kifua mbele. "Mwingine?"

Shebuge akawageukia watazamaji.

"Mhina, wewe una hamsini na minane! Njoo umwamkie mkubwa wako."

Mzee Mhina, baba yake yule mchumba, akaja taratibu, akavua kofia, akainama.

"Shika..."

Kilumanga aliitupa baiskeli, akapiga magoti vumbini.

"Shikamoo, baba! Nina thelathini na minane!"

"Marahaba, mwanangu."

Shebuge akapaza sauti: "Vijana, mpeni mwenzenu nafasi!"