Nani Aende Kigali na Zuhra?

Sogeeni karibu, wapenda kusikiliza na wapenda kubishana, maana kazi ya kuimaliza hadithi hii nitawaachia ninyi.

Chumbageni, Tanga, aliishi binti aitwaye Zuhra, dereva hodari ambaye hajawahi kushika usukani wa gari la kweli. Magari yake yalikuwa ya kwenye gemu, na huko mtaa mzima hakuna aliyemfikia. Kompyuta yake ilikaa katika chumba cha cherehani cha shangazi yake, Bi Mwanamkuu, kwa sababu ndiko mtandao ulikoshika vizuri.

Zuhra alikuwa na watu wake watatu. Kaka yake Mhina, mpiga ngoma wa harusini, alijaliwa masikio: pikipiki ikipita nje, yeye ndani anakwambia mnyororo wake umelegea. Shoga yake Kilua alijaliwa subira. Kitu kikiharibika hapapasi ovyo. Anajaribu hili, likigoma anakwenda kwenye lile. Na shangazi alijaliwa mikono, ile ya kunasua sindano iliyovunjikia ndani ya cherehani bila kuufumua mtambo wote.

Ikafika Jumamosi ya mchujo. Wachezaji wa nchi kadhaa walishindana kwa mtandao, na mshindi angeitwa Kigali kwenye fainali. Mbio zilikuwa na mizunguko mitatu, na mapumziko mafupi kati ya mmoja na mwingine; atakayeshinda miwili ndiye mshindi.

Mzunguko wa kwanza haujafika nusu, skrini ikajaa michirizi ya kijani na zambarau. Barabara haionekani! Zuhra akaendesha kwa kukisia, akaingia miongoni mwa wa mwisho.

"Skrini imekufa!" alilia. "Tukaazime kwa jirani!"

"Tulia, shoga," alisema Kilua. Akachomoa waya wa skrini, akauchomeka kwenye televisheni ya shangazi. Michirizi ileile. "Skrini haina kosa. Tatizo ni kadi ya picha iliyo ndani ya kompyuta, au programu inayoiendesha."

Hapo akakumbuka. Jana yake alikuwa ameisasisha programu hiyo yeye mwenyewe, akidhani anamsaidia mwenzake. Akaiondoa ile mpya, akarudisha ya zamani, huku mguu wa Zuhra ukitwanga sakafu bila kupumzika. Kompyuta ikawaka. Picha safi.

"Ni mimi niliyekuharibia," alinong'ona Kilua.

"Niache, wananiita!"

Mzunguko wa pili Zuhra akashika uongozi tangu mwanzo. Alipovuka tu mstari, picha ikaganda, skrini ikawa nyeusi, kompyuta ikajizima na kujiwasha yenyewe. Sauti ya mwamuzi ikamjia kwenye vipokea sauti: ushindi umehesabiwa, lakini mawasiliano yako yakikatika katikati ya mzunguko wa mwisho, wewe umetoka.

Zuhra akasimama, akaketi, akasimama tena. Kilua alikwisha shika kipanya, tayari kuigusa programu upya.

"Nyamazeni wote!" alisema Mhina. Akaliweka sikio kwenye ubavu wa kompyuta. "Kadi hii ina feni mbili. Moja inavuma, nyingine kimya. Kilua, acha programu. Kadi inachemka, ndiyo maana mashine inajizima."

"Basi ifungue!" alisema Zuhra.

"Nifungue kwa mikono hii ya ngoma? Hiyo ni kazi ya shangazi."

Shangazi akazima umeme, akakivua kifuniko. Uzi mwekundu ulikuwa umejisokota kwenye shina la feni.

"Uzi wangu huu," alisema polepole. "Wa sare za harusi."

Mkasi haukufika. Akachukua sindano, akaunasua uzi kidogo kidogo bila kuvunja hata panga moja la feni, huku Zuhra akimhimiza, "Shangazi, wanaanza! Wanaanza!" Kifuniko kikarudi, umeme ukarudi, feni zote mbili zikavuma.

Mzunguko wa mwisho, hakuna aliyeangalia gari. Mhina alisikiliza feni. Kilua alitafuta michirizi. Shangazi alikuwa ameshikilia waya wa umeme usije ukaguswa. Zuhra akavuka mstari akiwa wa kwanza, na kelele zao zikawatoa majirani nje.

Mwaliko ukaingia papo hapo: Kigali, mshindi na msindikizaji mmoja. Mmoja tu, na jina lake litumwe kabla ya jioni.

"Mimi ndiye niliyeondoa michirizi," alisema Kilua. "Na picha isingeonekana, ungeshindana vipi?"

"Michirizi uliileta wewe," alijibu Mhina. "Mimi sikuharibu chochote, na bila mimi mngekuwa bado mnahangaika na programu."

"Hukuharibu, na hukutengeneza," alisema shangazi. "Ulisikia, baba. Aliyetoa uzi ni mimi."

"Uzi wa nani, Shangazi?" aliuliza Mhina.

Zuhra aliwatazama mmoja mmoja, akaandika herufi moja, akaifuta, akaandika nyingine, akaifuta pia. Nje jua lilikuwa linashuka.

Haya, ninyi mliokaa hapa: mikono yenu ndiyo iko kwenye kibodi. Mtaandika jina la nani, na wale wawili mtawaambia nini?