Atakayeifanya Moris Iongee

Sogeeni karibu, na mwenye karanga amgawie jirani yake. Hadithi yangu ni fupi, ila nimeuacha mlango wake wa nyuma wazi makusudi. Atakayesinzia katikati asije akadai haki ya kuhukumu mwishoni.

Pale Tukuyu, ambako mvua hainyeshi kwa kubisha hodi, alikuwepo mwalimu mstaafu, Mzee Anyelwisye, mgane wa miaka sita. Alikuwa na watoto watatu, na kila mmoja alizaliwa na chake. Ambokile, wa kwanza, alikuwa na jicho: kitu kikipotea nyumbani, hata sindano, aliitwa yeye. Tusekile, binti wa kati, alikuwa na mikono: akiwa na miaka tisa aliifungua saa ya ukutani, akaifunga tena, na mpaka leo inatembea. Lugano, kitinda mimba, alikuwa na sikio: akisikia viatu barazani tu, alikwambia ni nani anakuja na kama ana hasira.

Mzee alikuwa na mtoto wa nne, na msinicheke, alikuwa gari. Moris Maina ya bluu, aliyoipata mwaka mmoja kabla ya kumwoa Subilaga. Ndani mlikuwa na redio yenye vifundo viwili vya kuzungusha, vya rangi ya maziwa. Enzi zile watu walituma kadi za salamu redioni, na Subilaga hakukosa wiki. Tatizo lilikuwa mlima. Nyumbani kwao ulikinga mawimbi, sauti ikaja inakwaruza. Basi kila Jumapili baada ya ibada walipanda na Moris hadi kona moja juu ya mashamba ya chai, wakazima injini, wakasubiri kutajwa huku wakila viazi vilivyopoa. Mzee husema hajawahi kushiba tena vile.

Redio ile ilikufa mwaka uleule aliokufa Subilaga. Pasaka iliyofuata fundi mmoja wa mjini alifunga nyingine, ikatoa moshi kabla ya kutoa neno. Ikupa, mdogo wake marehemu, akasema dada yake hataki redio ya kigeni mle ndani. Wakaing'oa, pakabaki tundu kwenye dashibodi, na mzee alipoendesha alijitahidi asilitazame.

Kisha macho yakaanza kumsaliti. Daktari alimwambia ana presha ya macho, na kuendesha ndiyo basi tena. Mzee alirudi nyumbani, akawaita watoto wake wote, akasema mbele ya Ikupa:

"Gari hili siligawi. Mmeliona la jirani? Walirithi ndugu wanne, kila mmoja akamwachia mwenzake kulitunza, sasa kuku wanataga humo. Atakayeifanya Moris iongee tena, kama ilivyokuwa ikiongea na mama yenu, ufunguo ni wake. Mama mdogo wenu ni shahidi."

"Nimesikia, shemeji," alisema Ikupa, "na mimi unanijua." Kweli anajulikana, mpaka leo anakumbuka nani hakufika kwenye harusi yake.

Msidhani watoto walikuwa na tamaa ya chuma. Ambokile alijifunza kushika usukani mle, amekaa mapajani mwa baba yake. Tusekile alizaliwa mlemle, siku mvua ilipowakamata kabla ya kufika hospitali. Na Lugano ndiye aliyekaa kiti cha nyuma katika safari ya mwisho ya mama yao, kichwa cha mama kikiwa begani mwake. Kila mmoja alilitaka gari lile, na kila mmoja aliona aibu kulisema.

Ambokile anaishi Dar es Salaam. Alizunguka Kariakoo miezi saba. Redio za siku hizi zina nyuso pana kama televisheni, na baba yao alikuwa ameonya: "Msinikatie dashibodi. Mama yenu aliipangusa kwa mkono wake miaka yote." Jicho la Ambokile likaiona moja katika duka la saa, juu ya rafu, imewekwa pambo: mpya tumboni, ya kizamani usoni, ina kioo chembamba, sindano nyekundu na nafasi ya vifundo viwili, na nyuma yake tundu la flashi. "Haiuzwi," alisema mwenye duka. Ambokile alirudi mara tano. Mara ya tano alimsimulia habari za viazi na salamu, na yule bwana akaishusha mwenyewe. Ikasafiri hadi Tukuyu mapajani mwa Ambokile.

Tusekile ni fundi umeme wa magari, Mbeya. Alipofika, Lugano alikuwa keshashika waya.

"Si unaunga tu, dada? Nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye bodi."

"Weka chini! Ndivyo alivyofanya yule wa Pasaka."

Akafungua boneti akawaonyesha. Katika Moris ile, bodi, yaani chuma cha gari lenyewe, imeungwa na chanya ya betri, kinyume cha magari ya leo. Redio ya kisasa ikifungwa humo kwa mazoea, inaungua papo hapo. Ikupa alikuwa amesimama pembeni na kikapu.

"Kwa hiyo dada yangu hakukataa?"

"Mama hakukataa kitu, mama mdogo. Zilikuwa ni waya tu."

Ikupa aliketi palepale kwenye majani akalia, maana miaka yote ile aliamini dada yake ameondoka na kinyongo. Tusekile alifanya kazi siku mbili. Aligeuza betri, akabadili waya zilizotakiwa kubadilishwa, akaizoeza dainamo mkondo mpya. Redio ilipogoma kukaa vizuri kwenye tundu, aliichongea fremu ya bati kwa tupa, dashibodi isiguswe. Mwisho akavitafuta vile vifundo vya rangi ya maziwa, akaviweka kwenye redio mpya.

Lugano hurekodi kwaya za makanisa. Zamani Subilaga alikuwa na kinasa sauti kidogo, na Jumapili moja alikwenda nacho kule konani. Kaseti yake ilipatikana ndani ya kopo la biskuti, imeota kuvu, utepe umekatika mara tatu. Wote walisema itupwe. Lugano aliusafisha utepe kwa pamba na spiriti, kidole kwa kidole, akauunganisha, akijua utastahimili kuchezwa mara moja tu. Aliucheza mara hiyo moja, akaunasa, kisha kwa wiki tatu akachambua mkwaruzo na maneno. Akaitia sauti kwenye flashi, akaichomeka nyuma ya redio, na hakumwambia mtu amesikia nini.

Jumapili walipanda hadi kona ya chai, Tusekile akiendesha, mzee mbele, wengine wamebanana nyuma. Injini ikazimwa. Mzee akapapasa kifundo, akakizungusha.

Ikatoka sauti ya mtangazaji wa miaka ile, inasoma majina pole pole. Kisha: "Subilaga wa Tukuyu anamsalimu mume wake, Mwalimu Anyelwisye, popote pale alipo." Mara kicheko cha mwanamke kikaifunika sauti ya mtangazaji: "Popote alipo! Si uko hapa, unanimalizia viazi vyangu!"

Mzee alilia bila kujificha. Hakuna aliyemwambia anyamaze.

Walipotulia, Ikupa akakohoa kidogo. "Shemeji, uliahidi."

"Nisingeipata redio, mngefunga nini?" alisema Ambokile kwa upole.

"Na nisingekuwepo mimi, ingekuwa majivu," alisema Tusekile.

Lugano akasema, "Ingeongea, ndiyo. Lakini baba alisema iongee kama ilivyoongea na mama."

Mzee alitoa ufunguo mfukoni. Macho yake hayakumpa tena nyuso, aliona vivuli vitatu tu. Akaunyoosha mkono, akaurudisha. Alijua akimpa mmoja, wawili watashuka mlima ule wakidhani mapenzi yao kwa mama yao yamepimwa yakapungua. Akiwapa wote, anajua litakapoishia gari. Na asipompa mtu, atakuwa amevunja neno alilolitoa kwa jina la Subilaga. Akaomba apewe wiki moja.

Wiki hiyo inaisha kesho. Mzee hali vizuri, na ufunguo anaulalia. Haya, ninyi mliokula karanga zangu zote: jicho, mikono na sikio, mngemkabidhi nani? Na wale wawili wengine, mngewaambia nini?