Mkia wa Chui Ubaoni

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Ubao?"

"Wa sataranji!"

"Kete?"

"Ukiigusa, umeicheza!"

Haya. Hapo kale wanyama walishindania pango la Mwamba Mkavu kwa sataranji, wakabaki wawili: Chui na Pimbi. Chui alikuwa na mapango matatu. Matatu! Pimbi hakuwa na hata moja, ana watoto wanne, na mawingu ya masika yameshatanda.

Wakacheza. Sharubu ya Pimbi ikampitia askari wake, fyu!

"Umegusa!" Chui akanguruma. "Mcheze huyo huyo!"

Pimbi akamcheza, na malkia wake akaliwa, nyaka! Sawa, sheria ni sheria. Punde Chui akamshika farasi wake, akaona hatari, akamwachia.

"Umegusa, Mzee Chui!"

"Nilikuwa nafukuza nzi."

Pimbi akamgeukia mwamuzi, Kanga. Kanga akayatazama meno ya Chui.

"Che-che-che! Nzi alikuwepo. Tena mkubwa."

Pimbi akautazama ubao. Nzi gani? Nani kamwona? Akaimeza hasira, akainamisha kichwa.

"Mzee wangu, sisi wadogo sheria hizi zinatuchanganya. Si bora zikazwe? Mwili wote uhesabiwe: kucha, sharubu, mkia. Na nzi wasisingiziwe tena."

Chui akaziangalia sharubu za Pimbi, ndefu, zinatetemeka. Akacheka hadi akakohoa.

"Zikazwe! Kanga, tangaza, msitu mzima usikie!"

Kanga akatangaza.

Pimbi akazilaza sharubu zake kwa mate, kisha akamsogeza farasi wake mnono mbele ya ngome ya Chui. Basi chui akiona windo, mkia wake hauna adabu. Fya, kushoto. Fya, kulia. Fya, ubaoni. Ko! Mfalme wa Chui chali.

"Umegusa, Mzee Chui! Mcheze huyo huyo!"

"Ni nzi!"

"Nzi wamekatazwa!" wanyama wote wakapaza sauti.

Mfalme alikuwa na nafasi moja tu ya kwenda. Akaenda. Ngome ya Pimbi ikashuka, ndi! Mfalme hana pa kukimbilia.

"Na mkia wako wewe?" Chui akafoka. "Uko wapi?"

"Sina, Mzee wangu. Tangu kuzaliwa."

Mvua ya kwanza iliwakuta watoto wanne pangoni, wakavu.

Ngano nimeifunga, kete zirudi mfukoni. Fundisho: wadogo, msiwe wajanja. Waaminini waamuzi. Na mkubwa akitaka sheria ikazwe, msaidieni kukaza.