Godoro Lililorudishwa Rafuni

Hii nimeletewa na shemeji yangu wa Moshi, naye alitumiwa na mtu wa kazini kwake. Nimeisoma mara mbili nikaona si haki kukaa nayo peke yangu. Kama kwenye kundi lenu yumo mtu wa namna hii, itumeni tu, msimtaje jina.

Alikuwepo mwongoza wageni mmoja wa Mlima Kilimanjaro aliyeitwa Elinami. Alianza kama mpagazi, akibeba mizigo ya wageni kichwani, akapanda ngazi mpaka akawa msaidizi wa kiongozi mkuu. Kwa miaka kumi na minne hakuna aliyeitia kazi yake kasoro. Ila alikuwa na kijiba cha roho, na kijiba chenyewe kilikuwa na jina: Barakaeli.

Barakaeli alikuja kazini miaka sita baada yake. Alikuwa mcheshi, wageni walimpenda, na wapishi wa kambini walimwekea uji ungali wa moto. Akisifiwa yeye, Elinami chakula hakimshuki. Akinunua buti, Elinami hana raha mpaka apate za aina hiyohiyo, hata kama zake bado nzima. Hakuwa akimchukia hasa. Alikuwa tu hawezi kuona kitu mkononi mwa mwenzake bila kuhisi kwamba amenyang'anywa yeye.

Mwaka huo kiongozi mkuu akastaafu kwa sababu ya magoti. Mwenye kampuni, Mama Ndeshi, mjane aliyeijenga kampuni hiyo kwa jasho lake, akawaita wote wawili.

"Wanangu, mmoja wenu nitampa uongozi," akasema. "Wiki ijayo napanda mwenyewe mpaka kambi ya Shira, na pale tutalala siku mbili. Ingieni stoo, kila mtu anichagulie godoro moja. La Elinami nitalilalia siku ya kwanza, la Barakaeli siku ya pili. Asiyejua kumlaza mgeni hawezi kumfikisha kileleni. Na asije mtu kwangu kunisimulia ubaya wa godoro la mwenzake."

"Nani aanze kuchagua, Mama?" Elinami akauliza.

"Wewe ndiye mkubwa kazini. Anza."

Elinami aliingia stoo na kazi yake aliijua. Baridi ya mlimani inamwingia mtu kwa chini, kutoka ardhini. Godoro linaweza kuwa nene kama mkate na bado likamwacha mgeni anatetemeka, kwa kuwa ndani lina upepo mtupu, na upepo nao unapoa. Basi alimwaga maji ya baridi sakafuni, akawa anatandika godoro moja moja juu yake, anapiga magoti na kuhesabu mpaka mia mbili. Goti likianza kupata baridi, godoro linarudi rafuni. Alifanya hivyo kwa magodoro tisa. La kumi lilikuwa la kijivu, jembamba, halina mvuto wowote, lakini ndani lilikuwa na pamba na karatasi ya kung'aa ya kuzuia joto lisitoke. Alihesabu mpaka mia mbili, magoti yakabaki na joto lake. Akalikunja, akalitia kwapani.

Hapo Barakaeli akaingia. Akamsalimu, akalitazama lile la kijivu, kisha akaenda moja kwa moja kwenye godoro nene la bluu lililokuwa pembeni. Akalibonyeza, akalishika mdomo wa kupulizia, akatabasamu peke yake, na kuanza kutoka nalo.

Roho ya Elinami ikapasuka. Kwa nini anatabasamu? Kwa nini hata hakupima? Huyu lazima amejua kitu ambacho mimi sikijui, akawaza.

"Lete hilo," akasema.

"Hili, kaka?"

"Mimi ndiye ninayeanza kuchagua. Au umesahau?"

"Sijasahau. Lakini kaka, hili..."

"Lakini nini? Umezoea kila kizuri kiwe chako. Leo hapana."

Barakaeli akamkabidhi. Elinami akalirudisha la kijivu rafuni na kutoka na la bluu, bila hata kulipigia magoti. Barakaeli alisubiri mpaka mwenzake amefika uani, ndipo akalichukua lile la kijivu.

Siku ya kwanza Shira, jua lilipoanza kuzama, Elinami alimwona Barakaeli akipeleka chupa mbili za maji ya moto kwenye hema la Mama. "Anajipendekeza," akamwambia mpishi, na chai yake ikamwia chungu.

Asubuhi Mama Ndeshi alitoka hemani amejifunga blanketi, mgongo umekakamaa, hata salamu hakuitikia mpaka alipopewa kikombe. Asubuhi ya pili ilibidi aamshwe, jua limeshapiga juu ya mahema.

Akawaita wote wawili.

"Juzi ningeganda, kama si zile chupa," akasema. "Jana nimelala kama niko kwangu. Barakaeli, hili la kijivu ulilijuaje?"

Barakaeli aliinamisha kichwa. "Sikulijua mimi, Mama. Alilipima kaka. Nilipoingia stoo nilimkuta nalo kwapani na sakafu imelowa, nikajua kazi imekwisha na uongozi ni wake. Nikaona basi, walau nipunguze mabovu. Lile la bluu nimelitia viraka mara mbili, na ndani halina kitu. Nilicheka kuona bado lipo. Nilikuwa nalipeleka jalalani."

Elinami alihisi uso unamwaka moto.

"Mbona hukuniambia?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Nilianza kukwambia, kaka. Ukanikatiza."

Mama Ndeshi alimtazama Elinami kwa huruma, maana alijua ni nani kati yao aliyekuwa na jicho la kuchagua. Kisha akampa Barakaeli uongozi.

Funzo: Ukichagua huku macho yako yako mkononi mwa mwenzako, utaiweka chini bahati yako mwenyewe, ukapigania kitu ambacho yeye alikuwa anakwenda kukitupa.