Namba Tisa Aliyekwenda Langoni

Wapendwa, vijana wa kule nyuma wanajua kwamba mimi mpira naupenda kuliko ninavyoujua. Nikikosea jambo, nirekebisheni baada ya ibada, si sasa.

Palikuwa na mshambuliaji mmoja wa kati huko Uskoti, miaka ile vita kuu ya pili imekwisha na watu wanatafuta tena kitu cha kufurahia. Siku za kazi alichimba makaa ya mawe chini ya ardhi. Jumamosi alivaa jezi namba tisa, na mji mzima ulikwenda kumtazama. Na mtu huyo alikuwa anajua. Mabeki walimvuta na kumkanyaga, yeye akanyanyuka bila neno, na krosi ikija ilikuta kichwa chake kimeshafika. Mpira wa siku hizo ulikuwa wa ngozi, ukilowa mvua unakuwa mzito kama jiwe, naye aliupiga kichwa hivyo hivyo. Sisi tukigongwa na mlango tunaita watu waje kutuombea.

Alikuwa na hamu moja tu moyoni: kuichezea nchi yake. Kila msimu alifunga mabao, na kila msimu wateuzi wa timu ya taifa walimpita. Umri nao haumsubiri mtu. Hatimaye, siku ya fainali ya kombe, akaambiwa kwamba wateuzi watakuwepo jukwaani, na wanakuja kumtazama yeye. Mshambuliaji wa taifa ameumia, nafasi iko wazi. Ni leo au basi.

Asubuhi ile mkewe alimwekea uji mezani, akamwambia, "Mume wangu, leo usimpe mtu pasi. Piga mwenyewe."

"Unanifundisha uchoyo?"

"Wa leo tu. Kesho utakuwa mwema tena."

Mpira ukaanza. Haijafika hata nusu saa, kipa wao akajitupa miguuni mwa adui, akagongwa bega, mkono ukaning'inia. Sasa nisikilizeni vizuri. Siku hizo hapakuwa na wachezaji wa akiba. Ukiumia umeumia, timu inamaliza na walewale. Desturi yao ilikuwa kwamba kipa akiumia, mchezaji mmoja huvaa sweta la kipa na kwenda langoni, na kipa mgonjwa husogezwa mbele kule pembeni, asimame tu kama winga, angalau adui wawe na mtu wa kumwangalia.

Nahodha akalishika lile sweta, akauliza, "Nani?" Kimya. Huyu anafunga kamba za viatu, yule anatazama mawingu. Kimya hicho mnakijua, maana tunacho katika kila mkutano wa usharika.

Mshambuliaji wetu naye alinyamaza. Alijua kwamba yeye ndiye mrefu kuliko wote na ndiye aliyezoea mipira ya juu, na alijua nahodha anaona haya kumtaja. Akatazama jukwaani, akawaona wale mabwana na kofia zao. Moyo ukamuuma, nami simlaumu hata kidogo. Akamwomba Mungu amguse mtu mwingine. Akasubiri. Mungu hakumgusa mtu mwingine.

"Lete," akasema.

"Wewe? Kaka, unajua ni akina nani wamekaa pale juu?"

"Najua kuliko wewe. Lete kabla sijabadili nia."

Nisiwadanganye, alikuwa kipa mbaya. Mipira ilimponyoka, akaizuia kwa magoti, kwa kifua, mmoja akauzuia kwa uso. Lakini haukupita hata mmoja. Kipindi cha pili kilipoanza akatupa jicho jukwaani, akaona viti vya wale mabwana ni vitupu. Walikuja kuona mfungaji, na mfungaji hayupo, wakaenda zao. Je, ungekuwa wewe, ungeendelea kujirusha kwenye tope? Yeye aliendelea.

Karibu na mwisho akaupiga mpira mbele kwa nguvu zake zote. Ukadunda, ukawavuka mabeki, ukaangukia miguuni mwa nani? Mwa yule kipa mgonjwa, mkono umefungwa kifuani, hakuna hata adui mmoja anayemjali. Akausukuma kwa kidole cha mguu, ukaingia. Wakatwaa kombe kwa bao la kipa, na mfungaji wao alikuwa peke yake upande wa pili wa uwanja, analia kwa furaha na kwa uchungu, vyote pamoja.

Nyumbani mkewe akamwambia, "Ungenyamaza kama wenzako."

"Lango lilikuwa wazi, mke wangu. Ningefungaje huku najua nyuma hakuna mtu?"

Timu ya taifa haikumwita kamwe. Sitawaambia kwamba baadaye walimkumbuka, kwa sababu hawakumkumbuka. Lakini katika washambuliaji wote wa dunia, huyo ndiye ninayemtamani katika usharika huu.

Na sisi je? Tunamtumikia Bwana, au tunatumikia namba zilizo mgongoni mwetu? Kwaya yetu imejaa mpaka watu wanabanana. Zamu ya kusoma Neno tunaigombania. Ni vizuri, wala sicheki. Lakini Bibi Nakijwa hajainuka kitandani tangu Pasaka, na binti yake aliyekuwa akimwogesha sasa naye amelazwa. Nililitangaza hilo Jumapili iliyopita. Nilipomaliza kutangaza, kwaya iliimba, tena iliimba vizuri sana, watu wakatoa machozi. Hakuna aliyekwenda. Aliyemwogesha wiki nzima ni jirani yake, mama ambaye hasali hapa.

Kesho asubuhi mama mchungaji atakwenda na beseni na sabuni. Hawezi kumgeuza bibi peke yake. Anahitaji mama mmoja. Kwa hiyo leo baada ya mahubiri kwaya haitaimba. Tutakaa hivi hivi, kimya, mpaka mmoja wenu asimame.